TAITA-TAVETA: NCHI KUBWA, SHAMBA DOGO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama)



Tumepewa kazi ya kusema juu ya kaunti moja ya mashambani, nayo ni Taita-Taveta: historia yake, ardhi yake, na idadi ya watu wake. Tunajua wako ndugu ambao walipopata habari hii walinung'unika. Walisema, "Tumekuja kusikia siasa, kumbe tunarudishwa darasani kusomeshwa jiografia!" Jibu letu ni fupi. Mkoloni alipotaka kuitawala nchi yetu hakuja na bunduki peke yake. Alikuja pia na ramani na daftari. Alipima, akahesabu, akaandika. Na kila alichokiandika kikawa chake, na kila ambacho sisi hatukukiandika kikaitwa ardhi isiyo na mwenyewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo na tufungue daftari letu wenyewe.

Tumeichagua Taita-Taveta kwa sababu ni kaunti ambayo hesabu yake humdanganya mtu. Anayeitazama kutoka mbali huona ardhi tele na watu wachache. Anayefika kwenye vilima vyake huona ndugu watano wakigawana shamba la baba yao ambalo halimtoshi hata mmoja. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na siasa yote ya kaunti ile imo baina yake.

NCHI YENYEWE

Taita-Taveta ni moja ya kaunti sita za Pwani, ingawa haina hata hatua moja ya ufuo wa bahari. Kaskazini inapakana na Tana River, Kitui na Makueni. Mashariki ni Kilifi na Kwale. Kaskazini-magharibi ni Kajiado. Na upande wa kusini na magharibi ni ndugu zetu wa Tanzania. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 17,084. Mji wake mkubwa, Voi, uko katika njia kuu ya Mombasa na Nairobi, kama kilometa 150 kutoka Mombasa.

Nchi hii ina sura tatu, na asiyezijua hawezi kuelewa matata yake.

Sura ya kwanza ni vilima. Viko vilima vya Dawida, ambavyo ndivyo vikubwa, pamoja na Mbololo. Kisha Sagalla, karibu na Voi. Kisha Kasigau, uliosimama peke yake upande wa kusini-mashariki. Kilele cha Vuria, huko Dawida, kina urefu wa zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Huko juu kuna ukungu, mvua na baridi. Kuna mboga, mahindi, maharagwe, ndizi na miwa. Katika vipande vya msitu vilivyosalia, kama Ngangao na Mbololo, wako ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Sura ya pili ni tambarare. Ukishuka kutoka Wundanyi hadi Mwatate, umebadilisha nchi. Udongo ni mwekundu, miti ni ya miiba, na mvua ya vuli na ya masika huja ikipenda, na mwaka mwingine haiji kabisa. Hii ndiyo nyika, na ndiyo sehemu kubwa zaidi ya kaunti.

Sura ya tatu ni Taveta, chini ya Mlima Kilimanjaro. Pale hakuna shida ya udongo wala ya maji kama ilivyo nyikani, kwa sababu mto Lumi na chemchemi za chini ya mlima hulisha bonde lote. Ziwa Chala, ambalo maji yake yamejaa ndani ya shimo la volkano, na Ziwa Jipe, ni mali yetu kwa shirika na Tanzania, kwa kuwa mpaka umepita katikati yake. Ndizi za Taveta hujulikana mpaka sokoni Kongowea.

JINSI WAZEE WALIVYOIKALIA

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha hotuba yetu.

Wazee wa Kitaita hawakuishi juu ya vilima kwa kuwa waliiogopa nyika au kwa kuwa nyika haikuwa yao. Walikuwa na mpango. Jamaa moja ilikuwa na mashamba katika ngazi mbalimbali: kipande huko juu penye ukungu, kipande cha katikati penye mfereji wa maji, na kipande cha chini penye joto. Mvua ikikataa chini, walikula cha juu. Baridi ikiharibu cha juu, walikula cha chini. Zaidi ya hapo walishuka nyikani kulisha ng'ombe na mbuzi, kuwinda, kuchonga mizinga na kurina asali. Ile nyika ambayo mgeni aliiona tupu ilikuwa ghala ya wenyeji na akiba yao ya mwaka wa njaa. Na huko juu, katika mapango ya miamba, waliweka mafuvu ya wazee wao, kila ukoo mahali pake. Hati ya kumiliki ardhi ilikuwa ni hiyo, nayo haikuhitaji mhuri.

Wataveta nao walikaa ndani ya msitu wa mto Lumi. Walichimba mifereji, wakalima ndizi, na msitu ukawa boma lao. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani ilipumzika Taveta ikienda Kilimanjaro na Umasaini. Mmishenari Johannes Rebmann alipita Kasigau mwaka 1847, na mwaka uliofuata, 1848, akapita nchi ya Taita akauona mlima wa Kilimanjaro. Vitabu vya Ulaya vikaandika kwamba ameugundua. Aliongozwa na nani? Aliongozwa na watu wa Pwani walioijua njia, na akapita katika nchi za watu walioutazama mlima ule kila asubuhi tangu mababu.

Tena kumbukeni kwamba miaka ile ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa ya misiba. Katika miaka ya 1880 iliingia njaa kubwa Taita. Katika miaka ya 1890 ikaja sotoka ikamaliza ng'ombe, na mwishoni mwa miaka hiyo njaa nyingine, pamoja na ndui. Watu wengi walikufa, wengine walihama. Kwa hiyo Mwingereza alipofika na daftari lake aliwahesabu watu waliokuwa wametoka kuzika. Aliona mashamba yaliyoachwa kwa msiba, akaandika: ardhi tupu.

WAKATI WA MKOLONI

Hawakukubali wote kimya kimya. Mwangeka, shujaa wa Wataita, alikataa kutawaliwa na wageni waliopita nchini mwake kana kwamba ni njia isiyo na mwenyewe. Aliuawa vitani mwanzoni mwa miaka ya 1890, akipigana na askari wa kampuni ya Kiingereza waliokuwa na bunduki za kisasa. Jina lake lingali midomoni mwa watu.

Mwaka 1898 reli ilivuka nchi yao, na Voi ikazaliwa kuwa stesheni. Watoto wetu shuleni wameambiwa sana habari za simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka ule. Hawakuambiwa vya kutosha juu ya kilichokula ardhi baada ya reli kupita. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilimpa Kamishna uwezo wa kuwagawia masetla ardhi aliyoiita ya Mfalme. Na sheria ya mwaka 1915 ikaongeza muda wa kukodi mpaka miaka 999. Miaka 999, ndugu zangu! Mtu anayekodi nyumba kwa miaka 999 hana nia ya kurudisha ufunguo.

Basi yakaja mashamba makubwa ya mkonge. Yalifunguliwa katika tambarare za Voi na Mwatate, na katika bonde la Taveta, ambako setla Ewart Grogan alijipatia ardhi kubwa na katika miaka ya 1930 akajenga juu ya kilima jumba linaloitwa mpaka leo kasri la Grogan. Mwenyeji aliyekuwa na shamba lake la chini sasa alishuka kwenda kuomba kazi ya kukata mkonge, ili apate fedha ya kulipa kodi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilizidisha mateso. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na ikabaki mikononi mwao mpaka Machi 1916. Mwezi wa Februari 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, wengi wao wakiwa askari wa Afrika ya Kusini, yalishambulia kilima cha Salaita yakarudishwa nyuma. Reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Lakini kisa ambacho hatutaki mkisahau ni cha Kasigau. Mwaka 1915 Wajerumani waliposhambulia Kasigau, Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa waliwasaidia maadui. Bila hukumu ya haki waliwahamisha watu wa mlima ule wakawapeleka mpaka Malindi, katika nchi ya joto na malaria wasiyoizoea, na wengi wakafa huko. Waliosalia hawakuruhusiwa kurudi nyumbani mpaka mwaka 1936. Fikirini: mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile alirudi akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka ishirini.

Wakati huo huo watu walianza kujipanga. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Wataita waliunda chama chao, Taita Hills Association, kudai ardhi yao. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Mengo Woresha. Walishirikiana na ndugu zao wa Kikuyu Central Association na wa Ukamba. Tazameni busara hiyo: watu wa makabila matatu, kila mmoja na kilio chake cha ardhi, wakaona ni kilio kimoja. Serikali ya Kiingereza nayo iliona hivyo hivyo, na mwezi wa Mei 1940 ikavipiga marufuku vyama vyote vitatu kwa pamoja na kuwatia viongozi wake kizuizini.

Na wakati wa Hali ya Hatari, nyika hiyo hiyo ikageuzwa gereza. Kambi ya Manyani, kaskazini ya Voi, ilipokea maelfu ya wazalendo, hasa baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954. Mkongwe yeyote aliyepitia Manyani atawaambia joto lake lilivyokuwa.

MBUGA YA TSAVO

Sasa tunafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote. Mwaka 1948 Serikali ya kikoloni ilitangaza Mbuga ya Taifa ya Tsavo, ambayo leo ni mbuga mbili, ya Mashariki na ya Magharibi. Kwa pamoja zina zaidi ya kilometa za mraba 20,000, na zinaingia pia katika kaunti za jirani. Wenye kuchora mstari walisema hapa hapana watu. Lakini palikuwa na malisho, palikuwa na mizinga, palikuwa na visima, palikuwa na njia. Walikuwapo Wawata, wawindaji hodari wa upinde, ambao kazi ya mababu zao iligeuka kuwa kosa la jinai. Katika miaka ya 1950 wengi wao walifungwa kwa jina la majangili.

Leo asilimia 62 hivi ya kaunti yote ya Taita-Taveta imo ndani ya mbuga hizo. Hatusemi ndovu wauawe. Hatusemi mbuga ziuzwe. Ndovu ni mali ya taifa, na ulimwengu wote huja kuwatazama. Tunasema tu kwamba mwenye kutoa zaidi ya nusu ya nchi yake kwa ajili ya taifa zima anastahili kuulizwa amebaki na nini.

HESABU

Na tuhesabu basi, polepole, ili hata mtoto wa darasa la tano aweze kutusahihisha.

Baada ya Uhuru, katika hesabu ya watu ya mwaka 1969, Taita ilikuwa na watu kama 110,000. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta watu 284,657. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta 340,671. Maana yake ni kwamba katika miaka hamsini watu wameongezeka mara tatu. Na hao wa 2019 waligawanyika hivi: Voi 111,831, Taveta 91,222, Mwatate 81,659, na Taita, yaani upande wa Wundanyi, 55,959. Mtaona kwamba Voi, iliyoko chini penye reli na barabara, sasa ina watu mara mbili ya vilima vya Wundanyi, ambako ndiko yalikokuwa makao ya wilaya kwa miaka mingi. Vijana wanashuka. Wanashuka kwa sababu huko juu hakuna pa kugawana tena.

Sasa, gawanya watu 340,671 kwa kilometa za mraba 17,084. Utapata watu 20 kwa kila kilometa ya mraba. Hii ndiyo hesabu inayosomwa katika vitabu. Bwana mkubwa akiisoma ofisini Nairobi husema: "Ah, hawa wana nafasi! Shida yao ni uvivu."

Lakini toa mbuga kwanza, maana binadamu haruhusiwi kulima wala kulala humo. Zinabaki kama kilometa 6,500. Gawanya tena: watu 52 kwa kilometa.

Halafu toa na nyika kavu, penye malisho na ranchi, ambapo mahindi hayawezi kukomaa kwa mvua. Ardhi inayofaa kwa kilimo cha mvua katika kaunti nzima ni kama asilimia 12, yaani kilometa 2,050 hivi. Gawanya mara ya tatu: watu 166 kwa kilometa moja. Ni kweli kwamba si wote wakulima, na wengine wako mijini. Lakini tena katika ardhi nzuri, hasa upande wa Taveta, mashamba makubwa yamekwisha kukaa mahali pake.

Ishirini, hamsini na mbili, mia moja sitini na sita. Watu ni wale wale, kaunti ni ile ile, na mwaka ni ule ule. Kilichobadilika ni swali tu. Ndiyo maana tumesema hesabu hii humdanganya mtu.

Na tusisahau kwamba binadamu si peke yake aliyehesabiwa. Katika hesabu ya wanyama ya mwaka 2021, ndovu wa eneo la Tsavo walikutwa karibu 15,000. Ndovu hasomi kibao cha mpaka wa mbuga. Mvua ikikosekana hutoka akaenda shambani kwa mtu, na usiku mmoja humaliza kazi ya msimu mzima. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama. Sheria ni nzuri. Lakini muulizeni mjane wa huko Sagalla au Mwatate amengoja malipo miaka mingapi, na alipanda ngazi za ofisi ngapi. Tumekaa na wakulima huko wakituonyesha madebe wanayopiga usiku kucha kumfukuza ndovu. Mtoto anayekesha akipiga debe hawezi kuwa wa kwanza darasani asubuhi.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Je, ardhi ilirudi? Tuseme kweli tupu, maana chama kisichosema kweli kwa wanachama wake hakina kesho. Mashamba mengi ya mkonge yalibadili mikono, lakini hayakurudi kwa wenyeji. Mpaka wa mbuga ulibaki kama alivyouchora mkoloni. Katika nyika iliyosalia zilikatwa ranchi zaidi ya ishirini. Baadhi ni za watu wa ukoo na vijiji walionunua hisa, lakini wengi wa wenye hisa hawajaona faida hata ya kununua mbuzi. Taveta mpaka leo wako watu wanaoitwa maskwota katika bonde ambalo babu zao walichimba mifereji yake.

Na utajiri mwingine upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kito cha kijani kibichi kilipatikana katika ardhi hii, na jina lake, tsavorite, likatokana na Tsavo yenyewe. Vijana wa kaunti hii huingia mashimoni kwa nyundo na tindo kuvitafuta vito hivyo, wakauza kwa bei ya mnunuzi. Maji ya chemchemi za Mzima, ambayo huanza kama mvua katika milima ya Chyulu yakatokea Tsavo Magharibi, yamekwenda Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Na kilio cha vijiji vilivyo karibu na bomba ambavyo akina mama wake wangali wanabeba madumu ni kilio cha siku nyingi. Na tangu mwaka 2011 hata hewa ya misitu ya ukanda wa Kasigau inauzwa ng'ambo kwa hesabu ya kaboni. Ikiwa hewa ina bei, basi mwenye ardhi naye aonyeshwe daftari.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti, na tangu 2013 Taita-Taveta ina serikali yake na bunge lake. Katiba hiyo hiyo ilitaja ardhi ya jamii, na sheria yake ikapita mwaka 2016. Iliunda pia Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za zamani za ardhi. Hizi ni silaha. Lakini silaha iliyotundikwa ukutani haimtishi mwizi.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Ndugu zangu, hatukusoma haya yote ili mrudi nyumbani mkisikitika. Kazi ni nne.

Ya kwanza, tuandike. Kila tawi la chama liwatafute wazee wanaojua mashamba ya chini yalikuwa wapi, visima viliitwaje, mapango ya ukoo gani yako kwenye mwamba upi. Yaandikwe majina, na wazee watie sahihi au dole gumba. Mzee akifa bila kuandikwa, shahidi wetu amekufa pamoja naye.

Ya pili, tuhudhurie. Mkutano wa kupima ardhi ukiitwa, mkutano wa bajeti ya kaunti ukiitwa, mkutano wa mwaka wa ranchi ukiitwa, twende wote, na akina mama wawe mstari wa mbele. Wao ndio wanaolima, na wao ndio ambao majina yao hukosekana katika hati. Mwenye hisa ya ranchi aulize hesabu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ya tatu, tusiuze. Kijana anayeuza ekari ya babake anunue pikipiki, baada ya miaka mitatu pikipiki ni chuma chakavu, na ekari ni ya mwingine milele. Tunasema hivi kwa upendo, kwa sababu tumeyaona kwa macho yetu.

Ya nne, na ndiyo ngumu kuliko zote: tusigombane wenyewe kwa wenyewe. Kaunti hii ni ya Mtaita, Mtaveta, Msagalla na Mkasigau. Ni ya Mwata. Ni ya Mkamba, Mmasai na Mpare. Ni ya mjukuu wa mkata mkonge aliyeletwa kutoka mbali akazikwa hapa. Kuna mabishano ya mipaka na majirani, huko Mtito Andei na Mackinnon Road. Kuna ugomvi wa wafugaji na wakulima kila kiangazi. Mambo hayo yana njia zake za kuamuliwa. Lakini mtu akija kutwambia kwamba adui wa maskini wa Taita ni maskini wa Kamba, tumwulize kwanza yeye ana ekari ngapi.

Wazee wa mwaka 1940 walijua hayo. Walikaa pamoja na watu wa Ukamba na wa Kikuyu, na kwa hilo wakafungwa pamoja. Hawakuwa na katiba, hawakuwa na kura, hawakuwa na bunge la kaunti. Sisi tunavyo vyote vitatu. Itakuwa aibu kwetu kama wajukuu wetu watakuja kusoma kwamba waliokuwa na mikono mitupu walithubutu, na waliokuwa na silaha walilala.

Basi mtu akiwaambia tena kwamba Taita-Taveta ina watu ishirini tu kwa kila kilometa, msikasirike wala msitukane. Mwombeni kalamu na karatasi, mkae naye chini, mhesabu pamoja naye mpaka mfike mia moja sitini na sita. Kisha mwulizeni: sasa, bwana, tutaanzia wapi?